"Hakuna Shida, Boss": Yanayopotea Kati Yako na Muuzaji wa Ng'ambo Kabla Hujatuma Pesa

Soma sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Niko njiani, nafika sasa hivi." Ya pili: "Hakuna shida, boss, wiki ijayo mzigo utakuwa tayari."

Ya kwanza hakuna Mkenya anayehitaji kufafanuliwa. Huyo mtu bado yuko nyumbani, pengine hata viatu hajavaa. Hukasiriki sana, kwa sababu unajua anachosema ni kwamba hajakusahau na ana nia ya kuja. Ya pili, ikitoka kwa muuzaji wa Guangzhou kupitia WeChat, tunaichukua neno kwa neno. Tunahesabu siku saba, tunamwahidi mteja wa Nakuru kwamba mali itakuwa dukani Ijumaa, halafu tunatuma dipoziti.

Hapo ndipo mambo huanza kuharibika, na mara nyingi bila mtu yeyote kuwa mwizi. (Wezi wapo pia. Tutawafikia.) Pesa imefika vizuri, kwa akaunti sahihi, siku ile ile. Ila nyinyi wawili mlikuwa mnaelewana nusu nusu tangu meseji ya kwanza, na sasa kuna katoni 40 za kitu ambacho hukuagiza.

Kwa hivyo leo hatuongei kuhusu nambari ya siri wala ada za kutuma. Tunaongea kuhusu kuongea: wewe uliye Nyamakima, Kamukunji ama Eastleigh, na mtu aliye upande wa pili wa simu ambaye amelelewa kusema ndiyo na hapana kwa njia nyingine kabisa.

Ukisomea biashara chuo chochote utakutana mapema na jina la Edward T. Hall, mwanaanthropolojia Mmarekani. Mwaka 1976 alitoa kitabu, Beyond Culture, ambamo alieleza kwamba kuna jamii ambazo ujumbe karibu wote uko ndani ya maneno, na kuna nyingine ambazo maneno ni kipande tu; yaliyobaki unayasoma kwenye uhusiano wenu, cheo cha mtu, ukimya wake, na hali ilivyo. Wajerumani na Wamarekani huwekwa upande wa kwanza. Wachina, Wajapani na Waarabu upande wa pili. Wengi wetu tulikariri hiyo tukapita mtihani, tukaishia hapo, kana kwamba dunia nzima inaingia kwenye magunia mawili.

Swali ambalo hatukuulizwa ni sisi tuko wapi. Mkenya akikuambia "nitajaribu kufika kwa harusi", unajua haji. Akiambiwa bei akasema "nitarudi", mama wa Gikomba hamwekei hiyo nguo kando. Ukweli ni kwamba tuko karibu na Wachina kuliko tunavyodhani. Shida ni kwamba tukianza kuandikiana kwa Kiingereza, kila mmoja anasahau kwamba mwenzake pia ana mambo anayoyasema kwa kuzunguka.

Ndiyo ina daraja zake

Kichina kina njia nyingi za kukataa bila kutamka hapana. Ukiuliza kama kiwanda kinaweza kuweka nembo yako kwenye kila kipande, ukajibiwa kwamba hilo "si rahisi kidogo", usingoje jibu lingine. Hiyo ndiyo hapana yenyewe. "Tutalichunguza" mara nyingi ni hapana pia, iliyovaa suti. Kuna neno jingine linalofaa kujulikana na kila mtu anayeagiza mzigo: chàbuduō. Maana yake ni "karibu sawa" ama "haitofautiani sana". Ukiuliza kama rangi ni ile ile ya sampuli na ukaambiwa ni karibu sawa, itisha picha kwenye mwanga wa jua kabla hujafurahi.

Halafu kuna méi wèntí, yaani hakuna shida. Hii tunaijua vizuri sana kwa sababu ni yetu pia. Fundi akisema hakuna shida, hajakuhakikishia kwamba gari itapona leo. Amekuhakikishia kwamba hajakataa kazi.

Wachina huongea sana kuhusu miànzi, ambayo ni "uso" wa mtu, heshima yake mbele ya wengine. Mswahili hahitaji kamusi hapa. Uso umeumbwa na haya, wazee walishasema. Mfanyakazi wa mauzo ambaye bosi wake yuko kwenye kundi lile lile la WeChat hatakuandikia kwamba kiwanda kimechelewa au kwamba swali lako hajalielewa. Ukimkaripia humo kwa herufi kubwa na alama tano za mshangao, umemwaibisha mbele ya mkubwa wake, na kuanzia siku hiyo utajibiwa kwa adabu bila kuambiwa chochote cha maana. Kama una lalamiko, mwandikie pembeni.

Njia rahisi ya kupita hapa ni kuacha maswali ambayo jibu lake ni ndiyo. "Mtamaliza tarehe 10?" Ndiyo. "Mna uhakika?" Ndiyo. Umeuliza mara mbili na hujajua kitu. Badala yake uliza: malighafi imeshafika kiwandani? Ni vipande vingapi vimekamilika hadi leo? Hatua gani imebaki, na itachukua siku ngapi? Nitumie video ya mahali kazi imefika. Hayo hayamvunjii mtu heshima, na hayajibiki kwa "hakuna shida".

Bei ikishuka, ni nini kingine kinachoshuka?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi huishia.

Ukienda Gikomba ukaona jaketi, mwenyewe akasema 1,500, unajua mchezo umeanza. Unasema 600. Anacheka. Unajifanya unaenda, anakuita, mnakutana 900. Jaketi ni lile lile tangu mwanzo, halijapoteza hata kifungo. Kilichopungua ni faida yake. Tumelelewa hivyo, na kusema kweli tuko wazuri.

Sasa beba tabia hiyo hadi kwa kiwanda cha Guangdong ama Zhejiang. Unataka sufuria za stili, vipande 1,000. Anakupa bei. Unamwambia apunguze, anapunguza. Unamwambia jirani yako alipewa chini ya hapo (jirani mwenyewe hayupo), anapunguza tena. Hakuna shida, boss. Unafunga simu ukijiona bingwa.

Kumbe sufuria zenyewe bado hazijatengenezwa. Kwa mwenye kiwanda, bei na bidhaa hutembea pamoja. Ukitaja bei ya chini, kwake umeagiza sufuria nyingine, na yeye kwa ustaarabu wake ameona si vizuri kukukatalia. Atakutengenezea sufuria ya bei hiyo.

Chukua stili yenyewe. Gredi ya 304 ina kromiamu ya takriban asilimia 18 na nikeli ya takriban asilimia 8. Gredi ya 201 imepunguzwa nikeli, ambayo ni ghali, ikaongezwa manganizi mahali pake. Kwa rafu ya duka zote zinang'aa sawasawa, na hata sumaku haiwezi kukutofautishia kwa uhakika. Lakini mpelekee mteja wa Mombasa, na hewa ya chumvi ya huko, uone ni gani itaanza kuota madoa ya kutu kwanza. Ukizidi kukaza kamba, wanaingia kwenye unene: milimita 0.6 inageuka 0.4. Mkono unaisikia tofauti hiyo mara moja. Picha ya simu haiisikii.

Je, alikudanganya? Muulize, atakuambia hapana, na atakuwa anasema kwa moyo safi. Wewe ulitaja bei, hukutaja gredi. Uliandika "ubora mzuri", na kwake ubora mzuri ni ubora mzuri wa bei hiyo. Mimi naona kosa ni la wote wawili, ila hasara imebaki Kamukunji peke yake.

Kwa hivyo geuza mazungumzo. Anza na kitu chenyewe: gredi gani, unene gani, uzito wa kipande kimoja kwa gramu, mfuniko wa aina gani, katoni moja inabeba vipande vingapi. Ndipo uitishe bei. Ukitaka kupunguziwa, uliza hivi: "Tukishuka hadi bei hii, ni kitu gani kitabadilika?" Swali hili huwa linafungua mdomo wa muuzaji ajabu. Umempa ruhusa ya kukuambia ukweli bila kukataa ombi lako, na mara nyingi atakutajia mwenyewe kwamba atatumia chuma chepesi, au kwamba katoni itakuwa ya safu tatu badala ya tano. Hapo unachagua ukiwa macho.

Sampuli ikifika Nairobi, ipime kwenye mizani, andika uzito, piga picha, na umwambie kiwandani wabaki na nyingine kama hiyo. Malipo mengi ya China huenda kwa asilimia 30 mwanzo na asilimia 70 kabla mzigo haujapakiwa. Hiyo 70 ndiyo nguvu pekee uliyo nayo. Mtu wako wa huko, ajenti au hata kampuni inayounganisha mizigo, aende na mizani, afungue katoni tatu ambazo hakuchaguliwa, na akupigie video akiwa hapo. Ukishatuma salio bila kuona, mazungumzo yanayofuata yatakuwa ya kuombana tu.

Jambo moja zaidi kwa wanaoanza: bidhaa nyingi zinazoletwa Kenya zinatakiwa kukaguliwa huko huko zinakotoka, chini ya mpango wa PVoC wa KEBS, ili zipate cheti. Muuzaji ambaye hajawahi kutuma mali huku huenda hajasikia hata jina la mpango huo. Ukimuuliza kama anaweza kusaidia, unajua atasema nini.

Dipoziti mbili zinazotamkwa sawa

Watu wa Pwani wana neno arbuni: pesa unayomwachia mtu ili asimuuzie mwingine. Ukibadilisha nia, unaiacha. Bara tumezoea kusema dipoziti kwa kila kitu, kuanzia nyumba ya kupanga hadi keki ya bathdei, na hatusemi itakuwaje mmoja wetu akirudi nyuma.

Wachina nao wana maneno mawili ambayo yote hutamkwa dìngjīn. Yanaandikwa kwa herufi tofauti, na sheria huyatofautisha. Moja, 定金, ni kama arbuni yenye meno: chini ya Kanuni ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, mnunuzi akivunja makubaliano anaipoteza, na muuzaji akivunja anatakiwa kurudisha mara mbili. Kiasi chake hakifai kuzidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba. Nyingine, 订金, ni malipo ya mapema tu, yanayohesabiwa kama sehemu ya bei, na hayana adhabu hiyo. Invoisi yako ya Kiingereza itasema "deposit" na kunyamaza.

Hii haimaanishi ukasomee sheria ya China. Inamaanisha usitegemee neno moja. Andika kwa sentensi fupi za kawaida: mzigo ukichelewa zaidi ya siku fulani itakuwaje, sampuli na mzigo zikitofautiana itakuwaje, mimi nikighairi itakuwaje. Kisha itisha invoisi au mkataba uliogongwa mhuri wa kampuni, ule mwekundu wa duara. Huku tunaheshimu sahihi. Kule mhuri ndio unaosema kampuni imekubali, na karatasi yenye sahihi ya mtu wa mauzo peke yake inaweza kuja kukanwa.

Mambo ambayo "kila mtu anajua"

Plagi, kwa mfano. Kwetu ni ya pini tatu za mraba. Kwao sivyo. Usipoandika, utaletewa ya kwao, na hakuna aliyekosea. Saizi ya nguo ni hivyo hivyo: XL ya Guangzhou ikifika Eastleigh mara nyingi inavaliwa na mtoto wa kidato cha kwanza, kwa hivyo agiza kwa sentimita za kifua na kiuno.

Tarehe: 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni Machi 4. Andika jina la mwezi, utapona. Saa nayo ina mtego wake. Ukiandika "tuongee saa tatu" kisha programu ya kutafsiri ikageuza, mwenzako anaweza kusoma saa tisa. Halafu ongeza kwamba China iko saa tano mbele yetu. Andika 09:00 saa za Nairobi, 14:00 saa za China, na muishe hapo.

Hesabu za pesa pia. Mchina huhesabu kwa wàn, ambayo ni elfu kumi, kwa hivyo laki moja kwake ni "elfu kumi kumi". Sifuri moja hupotea hapo mtu akitafsiri haraka kichwani. Wahindi, ambao ndio tuliwaazima neno laki, huweka mkato mahali pengine kabisa: 1,00,000. Kabla ya kulipa, kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na sarafu itajwe. "Elfu nane" ni za nini? Dola? Yuan?

Na hii ya mwaka mpya huwa inawapata watu kila msimu. Unamwandikia muuzaji Desemba, anakujibu mzigo utakuwa tayari "kabla ya mwaka mpya". Wewe unafikiria tarehe 1 Januari. Yeye anafikiria mwaka mpya wao, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Wakati huo wafanyakazi wa viwandani husafiri makwao, na viwanda vingi hufungwa kwa wiki kadhaa. Kama mali yako ni ya kurudi shule au ya Pasaka, hiyo ni tofauti ya kuuza na kukosa kuuza. Kuna pia likizo ya kuanzia tarehe 1 Oktoba, ambayo huchukua karibu wiki nzima.

Dubai ni karibu zaidi kwa saa na kwa tabia, na Mwafrika Mashariki hapati shida sana Deira. Jua tu kwamba tangu Januari 2022 wikendi rasmi ya Falme za Kiarabu ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wafanyakazi wa serikali huishia adhuhuri. Oman bado ni Ijumaa na Jumamosi. Ramadhani saa za kazi hupunguzwa. "Inshallah" yenyewe ukitaka kuielewa, uliza mtu yeyote wa Lamu. Inaweza kuwa ahadi ya dhati, inaweza kuwa kukataa kwa upole. Sikiliza kama imefuatwa na tarehe.

Jirani naye ana lugha yake

Watu hudhani kwamba wakivuka Namanga kazi imekuwa rahisi kwa sababu sote tunaongea Kiswahili. Kiswahili ndicho kinachotuponza.

Mkenya akiingia duka la Kariakoo husema, "Boss, nipe bei ya mwisho ya hii." Kwake hiyo ni lugha safi ya biashara. Mtanzania amesikia amri. Hujamsalimia, hujauliza habari za asubuhi, umeingia ukidai. Yeye angesema "naomba kuuliza, hii ni bei gani?" na kama mwenye duka ni mtu mzima, shikamoo ingetangulia. Kuna Wakenya huona hiyo ni kupoteza wakati. Mimi naona ni dakika mbili zenye faida kubwa, kwa sababu zile salamu ndizo mwenye duka anazozitumia kupima kama wewe ni mtu wa kukopeshwa, wa kuwekewa mzigo mpya ukifika, au wa kupewa bei ya mgeni. Usibadilishe lafudhi yako, wewe si mwigizaji. Badilisha "nipe" iwe "naomba" na uulize habari za nyumbani.

Halafu vipimo. Ukiagiza khanga 50 kwa simu, ni vipande 50 ama doti 50? Doti moja ni vipande viwili. Mombasa hizo hizo ni leso. Na pesa: Kenya, Tanzania na Uganda zote zina shilingi. Ukisema "elfu hamsini" kwenye simu, umetaja bei tatu zinazotofautiana mara nyingi sana. Mtanzania akikuambia "buku tano" anamaanisha elfu tano zake. Mazungumzo yakifika kwa bei, taja nchi kila mara, na kabla ya kuthibitisha malipo angalia kiasi atakachopokea kwa sarafu yake, usiangalie kile kinachotoka kwako peke yake.

Kampala ni hadithi nyingine. Waganda wengi, hasa wazee, walikizoea Kiswahili kama lugha ya askari, kwa hivyo ukianza nacho kwa sauti ya juu unaweza kusikika kama mtu wa kuvamia. Kiingereza kinafaa, na "ssebo" kwa mwanamume ama "nnyabo" kwa mwanamke hufungua mlango.

Lily ni nani hasa?

Sasa tuje kwa akaunti, maana hapa ndipo tabia nzuri hugeuzwa kuwa mtego.

Msichana wa mauzo anajiita Lily. Hilo ni jina la kazi. Wengi huchagua jina la Kiingereza ili kuwarahisishia wageni. Jina lake rasmi huanza na la ukoo, kwa hivyo usishangae likiandikwa "kinyume". Hakuna ubaya wowote. Hata hapa, Mama Shiro wa duka la jirani ukimlipa kwa simu linatokea jina ambalo hujawahi kulisikia. Tofauti ni kwamba Mama Shiro amesimama mbele yako.

Kwa hivyo kanuni ni ya moja kwa moja: unayezungumza naye anaweza kuwa Lily, lakini pesa iende kwa akaunti ya kampuni, yenye jina lile lile lililo kwenye mhuri wa invoisi. Lily akikuomba utumie kwa akaunti yake binafsi "kwa sababu ni haraka", simama. Kuna viwanda vidogo ambavyo kweli hufanya hivyo, lakini ukikubali, siku ya ugomvi kampuni itasema haikupokea kitu, na itakuwa inasema kweli.

Mbaya zaidi ni ile meseji inayokuja katikati ya biashara nzuri. Mmefanya kazi pamoja mara nne. Salio limefika. Unapata barua pepe kutoka kwa anwani unayoijua, au inayofanana nayo isipokuwa herufi moja: akaunti yetu ya zamani inakaguliwa, tafadhali tumia hii mpya. Walaghai huingia kwenye barua pepe za watu, hukaa kimya wakisoma mazungumzo, na husubiri wiki ya malipo. Wanajua hata jina la mtoto wako ulilomtajia Lily.

Hapo Mkenya mwenye adabu huona haya. "Nitamuuliza vipi kama kweli ni yeye? Ataona simwamini." Anatuma. Nguvu ya ulaghai huu ni kwamba unatumia heshima yako dhidi yako. Na upande wa pili kuna Mchina ambaye naye, kwa sababu ya uso, huenda hatakuuliza mbona salio limechelewa hadi wiki mbili zipite, wakati ambapo pesa haipo tena.

Suluhisho ni kumtupia lawama mtu ambaye hayupo. Tutupie sisi. Mwandikie hivi: "Kampuni yangu ya malipo hainiruhusu kubadilisha akaunti bila kuthibitisha kwa video. Samahani kwa usumbufu." Hakuna aliyeaibika, ni utaratibu tu. Kisha piga simu ya video kwa nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usitumie ile iliyokuja na meseji mpya, na umwombe akusomee nambari ya akaunti akiwa ameshika invoisi yenye mhuri. Ni vizuri zaidi kama mlikubaliana hivyo tangu oda ya kwanza, mkiwa bado mnacheka: akaunti ikibadilika, tutaonana uso kwa uso kwenye simu kwanza. Muuzaji wa kweli huipenda kanuni hiyo, kwa sababu pesa inayoibiwa hapo ni yake pia.

Ukishatuma na moyo ukakuambia kuna kitu hakiko sawa, piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, usingoje kujibiwa WeChat. Malipo ya kimataifa yakiwa bado njiani kuna nafasi ya kuyasimamisha. Yakishaingia kwa akaunti ya mpokeaji, kurudishwa kwake kunakuwa kazi ngumu, mara nyingi hadi mpokeaji mwenyewe akubali. Kuwa na nambari ya muamala, invoisi, na skrinishoti za mazungumzo yote, pamoja na ile meseji ya akaunti mpya kama ilivyokuja. Usiifute kwa hasira.